Duara la geti lenye vipembe: kosa si la vile vipande vinne

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mageti, karakana yangu iko Majengo, Moshi. Tumeanza kutumia mashine ya kukata chuma kwa plazma, inayoongozwa na kompyuta. Mteja anataka geti lenye duara la nusu kipenyo milimita 300, na ndani yake umbo la Mlima Kilimanjaro kama unavyoonekana ukiwa mjini. Nimechora kwenye programu ya kuchorea ya Inkscape, na kwenye skrini kila kitu ni laini. Kwenye pleti duara linatoka na vipembe vidogo vidogo, na kwenye mlima tochi inashtuka-shtuka na kuacha madoa ya kuungua. Kijana anayenisaidia anasema programu ile haijui duara, inajua vipande vinne vya kukadiria tu, na hiyo ndiyo sababu. Ni kweli? Na nikitaka litoke laini, niweke vipande vingapi?"

Marahaba, fundi. Kijana wako amesema kweli kwenye nusu ya kwanza. Kwenye nusu ya pili amemsingizia asiye na hatia. Vile vipande vinne ni kadirio, lakini ni kadirio zuri kuliko tochi yako inavyoweza kukata. Vipembe vimezaliwa baadaye, njiani kutoka kwenye mchoro kwenda kwenye mashine, pale vipande vinne vilipovunjwa kuwa mistari iliyonyooka. Na kabla ya kuuliza vipande vingapi, inabidi uamue unapima nini. Mchoro unaweza kuwa karibu sana na umbo la kweli kwa umbali, na bado ukawa mbali nalo kwa mwelekeo. Shida yako yote iko hapo, kwa hiyo nitakaa hapo kuliko kwingine.

Kwanza hilo la programu kutojua duara. Ukibadilisha duara la Inkscape kuwa njia ya kukatwa, kwa kawaida linashughulikiwa kama vipande vinne vya polinomia za kipeo cha tatu. Chukua namba t inayokwenda kutoka 0 hadi 1. Kwa kila t, programu inakokotoa x kwa kujumlisha na kuzidisha tu: namba fulani, ongeza nyingine mara t, ongeza nyingine mara t², ongeza nyingine mara t³. Inafanya hivyo hivyo kwa y. Hakuna kugawanya, hakuna kipeuo, hakuna sine wala kosine. Ndiyo maana kompyuta inaipenda hesabu hii: ni ya haraka na haina mahali pa kukwama.

Je, hesabu ya namna hiyo inaweza kuchora duara kamili? Haiwezi, hata ukiipandisha hadi kipeo cha mia moja. Duara linadai x² + y² iwe sawa na R² kwa kila t bila kuyumba. Sasa angalia sehemu yenye kipeo kikubwa kuliko zote ndani ya x na ndani ya y. Ukiipiga mraba, ile ya x inakuwa chanya, na ile ya y inakuwa chanya. Chanya mbili zikijumlishwa haziwezi kufutana, kwa hiyo sehemu ile inabaki, na ikibaki jumla itabadilika t inapobadilika. Lakini R² haibadiliki. Njia pekee ya kutimiza sharti ni x na y zisisogee kabisa, na hapo umechora nukta. Naipenda sana hoja hii kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifuata yote, na ikishaeleweka hakuna toleo jipya la programu litakaloipindua.

Ukiruhusu kugawanya, mambo yanabadilika. Weka x = (1 − t²)/(1 + t²) na y = 2t/(1 + t²). Jaribu t = 0.5: x ni 0.6, y ni 0.8, na 0.36 kuongeza 0.64 ni 1. Jaribu namba yoyote nyingine, utabaki juu ya duara. Programu za uhandisi hutumia familia hii ya polinomia juu ya polinomia, ndiyo maana zinaweza kushika duara na duaradufu bila kukadiria.

Sasa tumpime mtuhumiwa. Bofya duara lako kwenye Inkscape baada ya kulifanya njia. Utaona viungio vinne, na kila kiungio kina vijiti viwili vinavyochomoza. Urefu wa kila kijiti ni nusu kipenyo mara 0.5523. Kwa duara lako ni milimita 165.7. Namba hiyo haikuokotwa: ndiyo inayofanya katikati ya kila robo iguse duara la kweli sawasawa. Mwanzo wa robo uko juu ya duara, katikati iko juu ya duara, mwisho uko juu ya duara, na katika nafasi mbili zilizobaki mpindo unatokeza nje kidogo. Kwa kiasi gani? Pale unapotokeza zaidi ni asilimia 0.027 ya nusu kipenyo. Kwa milimita 300 ni milimita 0.08. Njia inayofunguliwa na tochi ya plazma ina upana wa milimita moja hadi mbili. Kwa hiyo mtuhumiwa aachiliwe.

Hata kama ungetaka usahihi zaidi, hauko mbali. Gawa duara vipande vinane badala ya vinne na kosa linapungua mara 64, kwa sababu kwa kadirio hili kosa linafuata kipeo cha sita cha pembe: pembe ikiwa nusu, kosa ni nusu ya nusu ya nusu, mara sita. Kwa duara lako litabaki kama milimita 0.0013. Urefu wa kijiti kwa tao la pembe yoyote ni 4/3 mara tanjenti ya robo ya pembe hiyo, mara nusu kipenyo. Kwa vipande vinane, tao moja ni digrii 45, na kijiti ni milimita 79.6. Hiyo tanjenti ya robo ya pembe utakutana nayo tena ukifungua faili la DXF, aina ya faili la michoro ya kiufundi: namba inayoandikwa kuonyesha tao limetuna kiasi gani kati ya nukta mbili ni hiyo hiyo.

Tuje kwa mwenye kosa. Mashine yako haisomi polinomia. Inasoma amri za msimbo wa G, na tatu ndizo zinazotuhusu: G1, nenda mstari ulionyooka, G2, zungusha tao upande wa saa, G3, zungusha tao kinyume cha saa. Kifaa kinachotafsiri mchoro wa Inkscape kuwa amri mara nyingi huchukua njia ya mkato: kinaukata kila mpindo kuwa mistari ya G1, mingi ya kutosha ili isiachane na mpindo zaidi ya kiwango ulichokiruhusu. Kiwango hicho huwa kimeandikwa mahali fulani kwenye mipangilio, na watu wengi hawakigusi kamwe.

Hesabu yake ni nyepesi. Mstari ulionyooka unaokatiza tao la pembe θ unaachana na tao, pale katikati, kwa R × (1 − cos(θ/2)). Tuseme kiwango kilichoruhusiwa ni milimita 0.1. Kwa nusu kipenyo 300 inahitajika mistari 122. Kila mstari una urefu wa milimita 15.4, na kati ya mstari na mstari kuna kona ya karibu digrii 3. Kwa umbali, hii ni kazi safi kabisa: sehemu ya kumi ya milimita. Lakini jicho halipimi umbali kutoka kwenye duara ambalo halipo. Jicho linafuata ukingo, na likifika kwenye kona ya digrii 3 baada ya kila sentimita moja na nusu, linaikamata. Kidole kinaikamata hata kabla ya jicho. Umetimiza kipimo, na kazi imeonekana mbaya. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoanza kuilaumu mashine.

Mashine nayo inaihisi kona. Tochi inayokwenda milimita 50 kwa sekunde haiwezi kugeuza mwelekeo papo hapo, kwa hiyo kompyuta yake inapunguza mwendo kila kona, kisha inaongeza tena. Plazma haipungui nguvu tochi inapopunguza mwendo. Joto linakaa mahali pamoja, njia inapanuka, na uchafu wa chuma kilichoyeyuka unaganda chini ya pleti. Hayo ndiyo madoa yako ya kuungua, na huko kupunguza na kuongeza ndiko kushtuka-shtuka unakokuona.

Unaweza kusema: basi nipunguze kiwango. Ukikishusha hadi milimita 0.01, mara kumi ndogo zaidi, mistari inakuwa 385, kila mmoja wa milimita 4.9. Lakini kona imeshuka kutoka karibu digrii 3 hadi kidogo chini ya digrii 1. Mara kumi kwa umbali, mara tatu na kitu tu kwa mwelekeo. Ukizidisha idadi ya mistari mara tatu, umbali unapungua mara tisa, kona inapungua mara tatu. Hivi vipimo viwili haviendi pamoja, na anayetazama kimoja tu atadanganyika na kingine. Tena kwa kiwango kilekile, mpindo mdogo unaumia zaidi: ua la geti lenye nusu kipenyo milimita 30, kwa ile milimita 0.1, linapata mistari 39 na kona za zaidi ya digrii 9. Angalia kazi zako za nyuma. Nadhani utakuta maua ndiyo yaliyotoka vibaya kuliko duara kubwa.

Kwa hiyo kwa duara na kwa kila tao la kweli, ushauri wangu ni usikadirie kabisa. Lichore kwenye programu inayolihifadhi kama kitovu na nusu kipenyo. LibreCAD na FreeCAD zinafanya hivyo, na zote mbili ni za bure. Kisha hakikisha kifaa kinachotoa amri kinaandika G2 au G3. Ni kweli kwamba ndani ya mashine yenyewe tao litakatwa tena kuwa mistari. Kama ubongo wa mashine yako ni programu iitwayo GRBL, kwa mipangilio yake ya kawaida unaruhusu milimita 0.002 tu, ambayo kwa duara lako ni mistari kama 860, yenye kona chini ya nusu digrii. Tofauti ni kwamba mistari hiyo inazaliwa ndani ya mashine, haipitii kwenye waya mmoja mmoja. Ukiiandika wewe mwenyewe kwenye faili maelfu kwa maelfu, mashine ya bei nafuu itaishiwa amri katikati ya mwendo, itasubiri kidogo, na utarudi kwenye madoa yaleyale.

Mlima ni habari nyingine, kwa sababu mlima hauna kitovu. Hapo polinomia inabidi itumike, na inafaa uelewe inavyofanya kazi ndani.

Mtu wa kwanza kuitengenezea njia nzuri ya kuichora alikuwa Paul de Casteljau, mwanahisabati wa kampuni ya magari ya Citroën nchini Ufaransa, mwaka 1959. Kampuni iliifanya siri, ndiyo maana mipindo hii ikapewa jina la Pierre Bézier wa Renault, aliyefika palepale kwa njia yake na kuitangaza. Wote wawili walikuwa na shida ya fundi: jinsi ya kumpelekea mtu wa karakana umbo la bodi ya gari bila kumtumia mfano wa mbao.

Njia ya de Casteljau unaweza kuifanya kwa rula. Kipande kimoja kina nukta nne: mwanzo, ncha ya kijiti cha kwanza, ncha ya kijiti cha pili, mwisho. Ziunganishe kwa mistari mitatu. Weka alama katikati ya kila mstari, upate nukta tatu. Unganisha hizo tatu kwa mistari miwili, weka alama katikati ya kila mmoja, upate mbili. Unganisha hizo mbili, weka alama katikati, upate moja. Hiyo moja iko juu ya mpindo wenyewe, na mstari uliozaa nukta hiyo unaelekea hasa upande ambao mpindo unaelekea pale. Kuna zaidi: umeshaukata mpindo vipande viwili, na nukta nne za kila kipande zimo tayari kati ya alama ulizoweka. Rudia kwa kila nusu, na nusu ya nusu. Baada ya raundi chache huwezi kutofautisha mpindo na mistari.

Hivyo ndivyo programu inavyojua pa kukata. Mpindo una sifa moja nzuri mno: hautoki kamwe nje ya nukta zake nne. Ukipiga misumari minne kwenye nukta hizo na kuizungushia uzi ukaubana, mpindo wote utabaki ndani ya uzi. Kwa hiyo programu inapima tu ncha mbili za vijiti ziko mbali kiasi gani na mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikiwa ndani ya kiwango, mpindo nao lazima uwe ndani, mstari unaandikwa, kazi imeisha. Zisipokuwa, kata katikati uanze tena. Matokeo yake ni mistari mirefu palipotulia na mifupi palipopinda sana, bila mtu kuamua.

Sasa viungio, maana hapa ndipo mchoro wa mlima unapoharibikia. Vipande viwili vikikutana kwenye nukta moja, vimegusana tu. Kama kijiti kinachoingia na kijiti kinachotoka havilali kwenye mstari mmoja, una kona, hata kama kwenye skrini huioni. Ndani ya Inkscape kuna kitufe cha kulainisha kiungio. Kinavipanga vijiti viwili kwenye mstari mmoja, na urefu wao si lazima ulingane. Hiyo ni hatua ya pili baada ya kugusana: mwelekeo unalingana.

Hatua ya tatu ni ukali wa mpindo. Tao la nusu kipenyo kidogo ni kali, la kubwa ni pole, na mstari ulionyooka hauna ukali kabisa. Fikiria dereva anayetoka Moshi kwenda Marangu: barabara iliyonyooka ikiungwa moja kwa moja na tao, mwelekeo haukatiki, lakini usukani unatakiwa uruke kutoka katikati hadi pembe fulani kwa mara moja. Wahandisi wa barabara huweka kipande cha kati ambacho ukali wake unaongezeka taratibu, ili mkono wa dereva upate muda. Kwa polinomia za kipeo cha tatu, ukali pale mwanzoni ni theluthi mbili ya h gawanya kwa a², ambapo a ni urefu wa kijiti cha kwanza, na h ni umbali wa ncha ya kijiti cha pili kutoka kwenye mstari wa kijiti cha kwanza.

Jaribu fomula hiyo kwenye robo yako ya duara. a ni 165.7, h ni 300 toa 165.7, yaani 134.3. Ukikokotoa, mpindo pale kwenye kiungio una ukali wa duara la nusu kipenyo milimita 306.6. Lile kadirio ambalo kwa umbali lilikosea sehemu nane za mia za milimita, kwa ukali limekosea milimita sita na nusu! Kwa pleti iliyokatwa na plazma hakuna atakayeliona. Kwa bodi ya gari iliyopigwa rangi ya kung'aa, mwangaza unaoakisiwa ungevunjika pale kwenye kiungio, na wale Wafaransa wasingelikubali. Ndiyo maana nasema kwanza uamue unapima nini. Kwako wewe, umbali unatosha kirahisi, mwelekeo ndio wa kuulinda kwa nguvu zote, na ukali ni wa kuangalia kwenye tao kubwa la juu ya geti la bomba tu.

Kwa tao hilo la juu, kama si nusu duara bali ni umbo la kubuni, usidharau flatibaa nyembamba, yaani kipande cha chuma bapa. Piga misumari michache kwenye ubao, pitisha flatibaa katikati ya misumari bila kuilazimisha, chora pembeni yake. Waunda meli na wachoraji wa viwandani walifanya hivyo kwa vipande vyembamba vya mbao, na vipande hivyo ndivyo vilivyozipa jina splaini, polinomia za vipande zilizoungwa vizuri, ambazo Isaac Schoenberg aliziandikia nadharia yake mwaka 1946. Hii si bahati. Kati ya msumari na msumari, nguvu inayopinda chuma inabadilika kwa mstari ulionyooka, na kitu ambacho kupinda kwake kunabadilika hivyo ni polinomia ya kipeo cha tatu, mradi kisipinde mno. Kwenye msumari, mwelekeo na ukali vyote vinaendelea bila kuruka. Chuma chenyewe kinakufanyia hesabu.

Huenda ukajiuliza kwa nini tusitafute polinomia moja kubwa ipite kwenye nukta zote za mlima, tuondokane na viungio. Mwaka 1901 Carl Runge alionyesha kwamba hata kwa umbo pole kabisa, nukta zikipangwa kwa nafasi sawa, kila ukiongeza nukta na kipeo, polinomia inazidi kuyumba kwenye miisho badala ya kutulia. Mlima wako ungeota mawimbi upande wa magharibi kwa sababu ya jiwe moja la upande wa mashariki. Vipande vifupi vya kipeo kidogo vina adabu: kosa la mahali linabaki mahali pake.

Kwa mlima basi. Nina hakika ulipitisha picha kwenye kifaa cha kufuatisha ukingo, kikakuletea viungio mamia. Kila kiungio ni nafasi ya kona, na kifaa hakijui kutofautisha mteremko wa mlima na doa la picha. Futa hizo zote. Weka picha chini, fifisha, uchore juu yake kwa mkono.

Ukiwa Moshi, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Viungio viwekwe pale umbo linapobadilisha tabia: juu kabisa ambapo ukingo umelala mlalo, pale mteremko unapoacha kuinamia ndani ukaanza kuinamia nje, na penye kona ya kweli. Mteremko mrefu wa magharibi wa Kibo ni kipande kimoja. Kuba ya Kibo, vipande viwili vinavyokutana kileleni, vijiti vikiwa vimelala mlalo. Kushuka hadi kwenye uwanda ulio kati ya vilele viwili, vipande viwili vinavyokutana pale mpindo unapogeuka. Urefu wa kijiti uanze na theluthi ya urefu wa kipande chake, halafu urekebishe kwa jicho. Kwa mpindo mpole theluthi huwa karibu sana na jibu sahihi.

Mawenzi usiilainishe. Ule ni mlima wa majabali yaliyochanika, na mtu wa Moshi ataona mara moja ukiufanya kichuguu. Tumia mistari iliyonyooka na kona wazi, sita au saba, na kona hizo tochi ipunguze mwendo kwa haki. Kama doa la kuungua linakusumbua hata hapo, iviringe kila kona kwa tao dogo la milimita moja na nusu hivi. Kwa upana wa njia ya plazma halitaonekana, na tochi itapita bila kusimama. Mlima mzima utatoka na viungio visivyofika ishirini.

Kilichobaki ni kuupeleka kwenye mashine bila kurudi kwenye G1. Tafuta kifaa cha kutoa amri chenye uwezo wa kugeuza mpindo kuwa jozi za tao. Kila kipande cha polinomia kinabadilishwa na tao mbili zinazokutana zikiwa na mwelekeo mmoja, na pale zisipotosha kinakatwa tena. Ukali utaruka kutoka tao hadi tao, lakini mwelekeo hautakatika popote. Kwa kiwango cha milimita 0.05 mteremko wa Kibo utahitaji tao chache tu. Kama kifaa ulicho nacho hakina uwezo huo, shusha kiwango hadi milimita 0.01 kwa mlima peke yake, na duara lilete kutoka LibreCAD.

Kabla ya kuwasha tochi, fungua faili la amri kwa programu yoyote ya maandishi. Kwenye sehemu ya duara unatakiwa kuona amri moja hadi nne za G2 au G3, zenye I na J zinazoonyesha kitovu. Ukiona G1 zimepangana kama mistari ya daftari, mchoro umeshavunjwa, na hakuna marekebisho ya mwendo wala ya hewa yatakayoufanya laini. Faili likiendelea kutoka hivyo, nitumie mistari yake thelathini ya mwanzo pamoja na jina la kifaa kilichoiandika, nikuonyeshe kiwango kimefichwa wapi.